Sahihi ya Mzee Eliudi

Greenbelt, Maryland
11 Februari 2024

Kwako Baba mdogo Eliudi,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mama mdogo, ng'ombe wenu na hiyo redio isiyozimwa. Sisi huku tu wazima. Baridi ipo, lakini tumeizoea kiasi cha kuilalamikia tu. Mjukuu wako Audrey anakusalimu. Yuko hapa kando yangu, anaelewa kila neno ninalomsomea, ila ananijibu kwa Kiingereza. Zipokee salamu zake hivyo hivyo.

Anayekuletea barua hii ni Cherono, yule binti wa Litein anayehudumia wazee huku Lanham. Ni katibu wa akina mama kanisani kwetu, na ameokoka kabisa. Hata soda huitazama mara mbili kabla ya kuinywa. Amekubali kunibebea chupa nne kwa sababu mwezi uliopita nilimtengenezea hita ya gari, na kwa sababu nilimhakikishia kwamba ni za mzee mmoja tu wa miaka sabini. Posta ya huku haipokei bia, nami sina njia nyingine.

Ndani ya chupa ni ile bia chungu ya Kiingereza uliyotusimulia tangu nikiwa darasa la tatu, ile ya mji ambao kiwanda cha bia kilikupeleka mwaka wa 1979 kujifunza kuonja. Nimeipika hapa chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia. Kimea, maji, hamira, na yale maua ya hopi yanayotia uchungu, basi. Nimefuata maneno yako yote: rangi iwe ya chai isiyo na maziwa, povu liwe kidogo, isinywewe na baridi ya friji, na uchungu ubaki kooni bila kukwaruza.

Hii ni mara yangu ya sita kuipika. Zile tano za kwanza tuziache zilale. Tuna kikundi cha watu wanaopika bia nyumbani, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, na jirani yangu Ryan ndiye mwenyekiti. Ni mtu mwema sana, ndiyo shida yake. Kwake kila kitu ni kizuri, hata ile bia yangu ya pili iliyonuka soksi. Sifa zake siwezi kuziweka popote.

Nakumbuka ulivyoniambia kwenye matanga ya baba. Ulisema siku nitakapopika bia ambayo ungeiwekea sahihi kazini, utanipa ile glasi yako ndogo ya kuonjea. Baba alikwenda akisema mtoto wake amevuka bahari kuchezea ndoo za pombe. Mimi nataka neno lako, Baba mdogo, na nalitaka kwenye karatasi. Ulitufundisha mwenyewe kwamba neno la mdomo si ripoti. Tafadhali usinipigie simu, maana kwenye simu utanionea huruma.

Wako mwana,
Kipng'eno Mutai

*

Kapsoit, Kericho
26 Februari 2024

Mwanangu Kipng'eno,

Barua yako imefika, na chupa nne zote zimefika nzima. Binti Cherono alikaa hapa sebuleni akanisubiri nimalize kazi. Alikataa maziwa, akakataa na mkate, akashika mkoba wake magotini kama mtu anayengoja daktari. Mpe pole ya safari, nadhani imemchosha.

Chupa ya kwanza niliifungua saa nne asubuhi, saa ile ile tuliyokuwa tukionja kiwandani, mdomo ukiwa mtupu tangu alfajiri. Ripoti ni hii.

Rangi ni ya shaba iliyoiva, inaangaza hadi chini ya glasi. Povu karibu hakuna, na hiyo si aibu, kwa maana bia ya aina hii haijisifii povu. Harufu ni ya kimea kilichookwa vizuri, halafu maganda ya chungwa, na kwa mbali majani makavu ya zizini. Mdomoni uchungu umeshika ulimi pande zote mbili na kuuachia polepole. Ni nyepesi. Mtu anaweza kunywa tatu na bado akaujua mlango wa nyumba yake. Kooni imepita safi.

Kasoro sikuiona.

Kiwandani nilikaa miaka thelathini na moja, na karatasi zisizo na kasoro nilizoandika hazifiki kumi. Hii nimeitia sahihi. Glasi iko ndani ya kifurushi alichobeba Cherono, nimeifunga kwa soksi zangu mbili safi. Usiioshe kwa sabuni yenye manukato, na usimwachie mtoto.

Baba yako angefurahi. Hangesema, lakini angefurahi.

Baba yako mdogo,
Eliudi Mutai

*

Greenbelt
17 Machi 2024

Baba mdogo,

Sijui nianzie wapi. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni na koti, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kisha nikamsomea mama Audrey, naye akasema sasa angalau anajua kwa nini nyumba yake inanuka uji kila mwezi. Glasi iko kabatini, juu, pamoja na vyombo vya wageni. Soksi nimezivaa.

Jumamosi niliipeleka glasi kwenye kikundi. Sikuitumia, nilienda kuwaonyesha tu. Niliwatafsiria ripoti yako yote, na Ryan akataka kuipiga picha. Unajua mimi si mtu wa kulia, lakini nilipofika kwenye neno la baba ilibidi nisimame kidogo.

Kitu kimoja nikuulize kama mwanafunzi. Nimefungua chupa nyingine za mpiko ule ule nikitafuta lile chungwa lako. Nalipata, lakini nyuma yake nasikia siagi. Si nyingi, ila ipo, kama ile inayobaki mkononi baada ya kupaka mkate. Wewe hukuitaja, kwa hiyo nimeamua ni pua yangu ndiyo haijakomaa. Nimeacha kuifikiria. Mpiko ujao nitaufanya vile vile, bila kubadilisha hata dakika moja.

Ahsante, Baba mdogo. Sijui kama unajua ulichonipa.

Kipng'eno

*

Lanham
14 Aprili 2024

Ndugu Kipng'eno,

Bwana asifiwe. Nimekuandikia kwa sababu nimeshindwa kukutazama usoni Jumapili tatu mfululizo, na kwa simu ningelia. Ukiona nakaa upande ule mwingine wa kanisa, sababu ni hii.

Kwenye ushirika wetu wa akina mama tuna desturi ya kuweka mambo nuruni. Jambo likikulemea unalisema, lakini kwanza unalisema kwa yule uliyemkosea. Wiki iliyopita zamu yangu ilifika nikanyamaza, na dada zangu wakaniangalia, maana mimi sinyamazi.

Bia yako niliimwaga. Nilikuahidi nitaibeba na nikaibeba hadi nyumbani kwa mama Litein, lakini usiku ule sikulala. Niliona nimebeba kitu ambacho nimewakataza wengine. Asubuhi nikafungua zile chupa zako za kifuniko cha waya, nikazimimina zote nne nyuma ya choo. Halafu nikaona haya kumpelekea mzee chupa tupu. Mama alikuwa amepika chai ya rangi, nzito, bila sukari. Nikaiacha ipoe, nikazijaza, nikazifunga.

Kipng'eno, naapa nilijua atagundua. Nilijua ataweka glasi mdomoni, aniangalie, acheke au anifokee, na mimi nimwombe msamaha pale pale. Mtu wa Kericho, aliyezungukwa na mashamba ya chai, atadanganywa vipi na chai? Nilikaa sebuleni kwake nikingoja nifokewe. Akaimimina, akaiinua kwenye dirisha, akainusa sana, macho yamefumbwa. Akanywa. Kisha akavuta karatasi akaanza kuandika, na uso wake ulikuwa na raha kiasi kwamba sikuweza kufungua mdomo wangu. Niliposhuka mlima nilijiambia amejua na amenisitiri. Lakini uliposimulia kanisani juu ya chungwa na kimea, nikaelewa kwamba hakujua.

Kazi yangu ni wazee. Nimewaona wengi waliopoteza hiki na kile na wakaficha vizuri sana. Nadhani baba yako mdogo hasikii harufu.

Nisamehe kwa bia, na unisamehe zaidi kwa hilo la pili, kwamba nimelijua na sikujua nilifanyie nini.

Dada yako katika Bwana,
Cherono

*

Greenbelt
16 Aprili 2024

Baba mdogo,

Salamu nyingi. Natumaini mvua zimeanza vizuri huko na majani yanachumwa. Huku maua yametoka na kila mtu anapiga chafya.

Nina jambo dogo la kurekebisha. Nimepanga chupa zangu chini hapa na nimegundua nilichanganya. Zile nilizompa Cherono hazikuwa za mpiko wa sita. Zilikuwa za mpiko mwingine kabisa, wa majaribio, ambao sikuukusudia. Kosa ni langu peke yangu, Cherono hahusiki. Kwa hiyo ripoti yako ni nzuri na sahihi, ila ni ya bia nyingine, na haitakuwa haki mimi kukaa na glasi. Kuna mtu wa kanisani anasafiri mwezi wa Juni. Nitaifunga vizuri nikurudishie, halafu tutaanza upya siku ukipenda. Hakuna haraka yoyote.

Je, afya yako ikoje? Tangu ule ugonjwa wa 2021 sijawahi kukuuliza sawasawa. Chakula kinaenda?

Kipng'eno

*

Kapsoit
8 Mei 2024

Kipng'eno,

Hakuna chupa iliyochanganywa. Ilikuwa chai.

Najua kwa sababu Jumapili iliyofuata Mwalimu Kimani alipita hapa, yule jirani tuliyestaafu naye mwaka mmoja, na kwa kuwa nilikuwa bado najivuna nikamfungulia chupa ya mwisho. Nikamsomea nakala ya ripoti kwanza, yote, pamoja na maganda ya chungwa. Akanywa. Akaniuliza taratibu, "Eliudi, mbona unanipa chai iliyolala?" Nikacheka naye, nikamwambia nilikuwa namtania. Sijui kama aliamini. Alipoondoka nilikaa na ile chupa hadi giza likaingia.

Sasa nikuambie nilichofikiri, ujue na aibu yangu yote. Nilifikiri umenipima. Nilifikiri umesikia mahali kwamba mzee amekwisha, ukaniwekea chai ili uone. Ndiyo maana barua yako ya Machi sikuijibu. Ile furaha yako niliisoma kama kejeli. Mama yako mdogo aliniambia mimi ni mpumbavu, kwamba mtoto yule hajui kufanya hivyo, nami nikamnunia wiki nzima.

Halafu ikaja hii ya chupa zilizochanganyika. Wewe ulikuwa unadanganya vibaya tangu ukiwa mdogo. Ulikuwa unaeleza mno, na ulikuwa unasema kosa ni lako kabla hujaulizwa. Niliposoma "Cherono hahusiki" nikajua ni Cherono. Na nikajua hukunipima. Nisamehe kwa kulifikiria.

Afya yangu umeuliza. Julai 2021 nililala siku kumi na moja, na nilipoinuka harufu zilikuwa zimekwenda. Nilingoja mwezi, nikangoja mwaka. Mursik wa mama yako mdogo, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, hauna moshi tena kwangu, ni baridi na uchachu tu. Siku moja maharagwe yaliungua nikiwa nimekaa kando ya jiko nasikiliza redio. Yeye akaingia, akazima moto, akafungua madirisha, wala hakuniuliza. Tangu siku ile anajua, nami najua anajua.

Wengine sikuwaambia. Hapa kijijini watu huniletea vitu nionje: maziwa, asali, hata maji ya kisima kipya. Bado naonja, nasema neno. Uchungu ulimi wangu unausikia, na chumvi, na utamu. Hayo mengine nayatoa kichwani. Ile ripoti yako, rangi niliiona na uchungu niliusikia. Kimea na chungwa ni vya 1979.

Na ungeleta maji ningeyasaini. Nilikuwa nimeshaamua kabla ya kufungua kifuniko, pale uliposema juu ya baba yako na ndoo. Usirudishe glasi. Hapa haina kazi, na kabatini ilikuwa inanitazama kila siku.

Eliudi

*

Greenbelt
2 Juni 2024

Baba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu, sikumsomea mtu. Nililia, basi, tumelisema hilo.

Ni kweli ilikuwa Cherono. Amenipa ruhusa niseme. Aliimwaga nyuma ya choo kwa mama yake kwa sababu ya dhamiri, akatia chai kwa sababu ya heshima, na amekuwa mgonjwa wa jambo hilo tangu Februari. Anakuomba msamaha. Nimemwambia mimi simdai kitu, lakini hatosheki na hilo.

Nilikuwa nimekasirika kidogo, si kwa bia. Kilichoniudhi ni kwamba miaka mitatu ulikaa na jambo hili na mimi kila Krismasi nakutumia kahawa ya bei ghali na kukuuliza inanukaje, na wewe unanijibu kurasa mbili. Sasa nimemaliza kukasirika.

Sikiliza. Unasema macho yapo na ulimi upo. Masikio najua yapo, maana ulikuwa ukituambia bia nzuri ikimiminwa ina sauti yake. Na miaka thelathini na moja ya kichwa chako haikwenda popote. Kinachokosekana ni pua, na pua naijua moja. Cherono akiingia kwa mgonjwa anajua kidonda kimeharibika kabla bandeji haijafunguliwa. Kanisani anajua nani ametoka kukaanga samaki. Desemba anakwenda tena nyumbani kusimamia nyumba anayojenga. Nilipomuuliza aliomba siku mbili, kisha akanipigia. Alisema, "Kunusa si kunywa. Na nilimwaga kazi ya mtu, acha nifanye hii." Safari hii atabeba bia yenyewe.

Nitapika mpiko wa saba. Yeye atanusa na kusema anachokisikia kwa maneno yake ya jikoni, wewe utaonja, na wewe ndiye utakayeandika. Ukikataa nitaelewa. Lakini sitaki Ryan, Baba mdogo. Nakutaka wewe.

Glasi nampa aje nayo kwa kazi hiyo tu, halafu airudishe.

Mwanao,
Kipng'eno

*

Kapsoit
19 Desemba 2024

Mwanangu Kipng'eno,

Kazi imefanyika leo saa nne asubuhi, mezani, mlango ukiwa wazi. Waliokuwepo ni mimi, Cherono, mama yako mdogo, na Mwalimu Kimani niliyemwita mwenyewe. Nilimweleza kila kitu tangu maharagwe. Akasema alijua siku ile ya chai, na kwamba amekuwa akingoja tu nimwambie. Yaani nimekuwa nikijificha nyuma ya mlango uliofunguliwa na kila mtu.

Cherono kwanza aliniomba msamaha mbele yao, kwa utaratibu wa ushirika wao, kwa kirefu. Nilimsamehe nikamwambia chai ilikuwa nzuri. Kisha nikamfundisha kushika glasi chini, kuizungusha na kunusa mara tatu fupi, asivute moja ndefu. Anayo pua, Kipng'eno. Ningemkuta mwaka wa 1985 ningempa koti jeupe siku hiyo hiyo.

Ripoti.

Sauti: nilipoimimina ilinong'ona kidogo kisha ikatulia. Ni vizuri. Rangi ni ya shaba, na Kimani amethibitisha kwamba si chai. Povu lina unene wa kidole, linashuka polepole na kuacha alama kwenye glasi. Kwa harufu naandika maneno ya Cherono kama alivyoyasema. Mkate wa asubuhi, upande wa chini ulioiva. Maganda ya chungwa, si bichi, yale yaliyokaushwa juani. Halafu akasita, akanusa tena, akasema, "Mzee, samahani, hapa kuna siagi. Kama chapati inapogeuzwa."

Nikaweka glasi chini. Kwa miaka mitatu sikuwa nimesikia harufu, na alipolisema neno hilo niliyaona yote: pipa gani, chumba gani, kijana gani wa zamu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Mdomoni uchungu uko mahali pake, na huo nausikia mimi mwenyewe, si wa kukumbuka. Ni bora kuliko ule wa chai. Lakini ulimi unateleza kidogo, na hiyo ni siagi ile ile.

Kasoro: umeitoa kwenye hamira mapema. Hamira yenyewe ndiyo huweka siagi ile, na yenyewe huila ikipewa muda. Wewe ukiona imetulia unadhani imemaliza, unaitia chupani. Una haraka kama marehemu baba yako. Iache siku tatu zaidi kwenye joto la nyumba, isikae kule chini kwenye baridi, na unuse kila asubuhi hadi siagi iondoke.

Sasa jambo kubwa kuliko hilo. Mwezi wa Machi uliniandikia kwamba unasikia siagi, na kwa sababu karatasi yangu haikuitaja ukaamua pua yako haijakomaa, ukapika tena bila kubadilisha hata dakika. Barua hiyo nimeitafuta leo nikaisoma upya. Pua yako ilikuwa imekuambia kweli, na sahihi yangu ikaifanya mwongo. Nilidhani nimekupa zawadi, kumbe nilikuwa nimekunyang'anya kitu. Kiwandani mtu alifukuzwa kwa kidogo kuliko hicho. Kuanzia leo ukisikia siagi, andika siagi, hata mimi nikisema hapana.

Bia hii siisaini.

Glasi anakuja nayo Cherono, kwenye soksi. Iweke kabatini kinywa kikiangalia chini na usiitumie mpaka nitakapokuruhusu. Cherono amesema Agosti atapita tena, nyumba yake haina paa bado. Mpiko wa nane uwe tayari. Mama yako mdogo anasema tangu asubuhi naimba, nami sijasikia kama naimba. Mwambie Audrey tumepokea salamu zake, za Kiingereza na zote.

Baba yako mdogo,
Eliudi Mutai

Hiyo hapo juu ni sahihi ya barua. Ya bia bado.